Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Chakula Inaposafiri

SWALI: Binti yangu anaishi Minneapolis, Marekani, pamoja na wanawe wawili, na Serikali ya huko humsaidia chakula kwa kadi. Mwezi ujao atakwenda Houston kumtunza mdogo wake anayetarajia kujifungua. Akimaliza wiki tatu huko, atakuja nyumbani Mwanza na watoto kwa miezi miwili. Ananiuliza mimi kana kwamba mimi ndiye ofisi: je, kadi itakubali akiwa Houston? Na huku je? Nisingependa wajukuu walale njaa njiani, wala binti aje kushtakiwa kwa kosa la kutojua. – Mama wa Nyakato, Mwanza

JIBU: Shikamoo Mama. Nianze na la Houston kwa kuwa ndilo jepesi: ndiyo, kadi itakubali. Mpango unaomsaidia binti yako unaitwa SNAP, jina lililochukua nafasi ya stempu za chakula (zamani zilikuwa vocha za karatasi) mwaka 2008, na kadi yenyewe ni EBT. Fedha za chakula hutoka Serikali ya Shirikisho kupitia Wizara ya Kilimo, lakini maombi, usaili na orodha ya kaya vimo mikononi mwa jimbo. Mgawanyo huo ndio unaowachanganya watu, kwa sababu kadi imeandikwa jina la jimbo, na mwenye nayo hudhani kwamba akivuka mpaka wa jimbo anabaki na kipande cha plastiki. Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani kadi zilipoanza kuchukua nafasi ya vitabu vya stempu, kila jimbo lilikuwa na mitambo yake, na mitambo hiyo haikuwa lazima isomane. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 iliyataka majimbo yote yaunganishe mitambo yao, na kufikia mwaka 2004 karatasi zilikuwa zimeachwa nchi nzima. Leo kadi ya Minnesota inatumika katika majimbo yote 50, jijini Washington, na hata Guam na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Puerto Rico ni habari nyingine, maana tangu mwaka 1982 kisiwa hicho kina mpango wake wenyewe wa chakula, na kadi ya SNAP haisomeki huko.

Hahitaji kuomba kibali ili anunue chakula nje ya jimbo lake. Msaada wa mwezi huingia kwenye kadi siku ileile iliyozoeleka, awepo nyumbani au awe kwenye basi katikati ya Iowa. Kinachotakiwa ni duka lililosajiliwa kupokea SNAP, kadi yenyewe na namba ya siri ya tarakimu nne. Salio huandikwa chini ya risiti, na akiipoteza risiti atapiga simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Pia asikubali kutozwa kodi ya mauzo kwa chakula alicholipia kwa kadi hiyo. Kodi hizo hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, lakini sheria ya Shirikisho imezikataza kwa manunuzi ya SNAP popote pale.

Msafiri hukwama zaidi kwenye aina ya chakula kuliko kwenye mpaka. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya duka moja huko nikiwa na ndugu yangu aliyekuwa safarini na watoto wenye njaa. Alikuwa ameweka mezani mkate, maziwa, ndizi na kuku wa kuokwa, mzima, aliyetoka kwenye kabati la moto, mvuke ukiwa bado umeganda ndani ya kifuniko. Mashine ikapokea vyote isipokuwa kuku. Keshia, ambaye bila shaka alikuwa ameulizwa jambo hilo mara nyingi siku hiyo, alionyesha kwa kidole jokofu lililokuwa hatua chache nyuma yetu: kuku wa namna ileile, wa bei ya chini kidogo, aliyepoa. Huyo alipita bila maneno, na tulimla kwa mikono kwenye maegesho ya magari, baridi hivyohivyo. Kanuni ni kwamba SNAP hailipii chakula kinachouzwa kikiwa moto, na mtu aliye njiani bila jiko ndiye anayeumizwa nayo kuliko wote. Kwa maoni yangu kanuni hiyo imepitwa na wakati, lakini maoni yangu hayafungui mashine. Yapo majimbo yanayowaruhusu wazee, wenye ulemavu na wasio na makazi kula katika migahawa iliyosajiliwa, ila binti yako na wanawe, kwa jinsi ulivyowaeleza, hawamo katika kundi hilo.

Basi afungashe kama wanavyofungasha abiria wenye busara: mkate, siagi ya karanga, matunda, jibini, maziwa ya boksi, sandwichi baridi. Maji ya chupa na barafu vinaruhusiwa, na barafu ni ya maana kwa mtu mwenye sanduku la kubebea vyakula vya baridi. Dawa, vitamini, nepi, sabuni, pombe na sigara haviruhusiwi hata kidogo. Kwa kuwa sisi ni watu wa ziwani, niongeze kwamba samaki aliyekwisha kutolewa majini hununuliwa kwa kadi bila swali, na hata kaa aliye hai anakubalika, ilhali kuku aliye hai hakubaliki. Tena tangu mwaka 2025 Wizara ya Kilimo imeanza kuyaruhusu baadhi ya majimbo, Nebraska likiwa la kwanza kupewa idhini, kuziondoa soda au peremende katika orodha ya vinavyolipiwa. Anayekatiza majimbo manne au matano kwa basi asishangae soda iliyokubaliwa jana ikakataliwa leo.

Sasa nije kwenye mambo matatu ambayo ningemwambia binti yangu mwenyewe kabla hajafunga mlango.

La kwanza ni kufuli. Wizi wa kunakili kadi kwa vifaa vinavyobandikwa kwenye mashine za malipo umekuwa mkubwa huko, na majimbo kadhaa yamewapa wenye kadi uwezo wa kuzuia matumizi ya nje ya jimbo kupitia programu ya simu. Ni kinga nzuri, lakini wapo wanaoiwasha, wakaisahau, kisha wakaaibika mbele ya keshia wa jimbo jingine wakidhani wamenyimwa msaada. Aitazame simu yake, aifungue kufuli hiyo akifika, aifunge tena akirudi, na abadilishe namba ya siri kabla ya safari. Hili lina uzito kwa sababu utaratibu wa fedha za Shirikisho uliokuwa ukiwarudishia watu msaada ulioibwa kwa njia hiyo ulihusu wizi uliotokea hadi tarehe 20 Desemba 2024 tu. Ukiibiwa leo, usitegemee kurudishiwa.

La pili ni kadi kupotea. Akiipoteza Houston, apige simu mara moja ili ifungwe, lakini ajue kwamba kadi mpya kwa kawaida hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyo katika faili lake, yaani Minneapolis, nyumba ambayo wakati huo haina mtu. Amwachie jirani anayemwamini ufunguo wa sanduku la barua.

La tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, na ufunguo huo utahusika tena. Msaada huu hautolewi milele kwa ombi moja. Kila baada ya kipindi fulani ofisi hutuma fomu na kupanga usaili, ambao mara nyingi hufanywa kwa simu, na fomu isiyorudishwa kwa wakati hufunga faili bila mtu yeyote kuuliza kama ulikuwa kwa mdogo wako au kwa mama yako. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mengi: wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao zamani waliingia moja kwa moja, sasa husubiri hadi wawe wakazi wa kudumu, na sharti la kazi limepanuliwa hadi kuwagusa watu wa miaka 64. Barua itakayoingia kwenye sanduku wakati yeye hayupo inaweza kuwa ndiyo barua yenye maana kuliko zote za mwaka huu. Kabla ya kuondoka aulize faili lake linakaguliwa mwezi gani, na ikiwa mwezi huo unaangukia safarini, aombe kuyamaliza mapema au apewe usaili wa simu kwa tarehe anayoijua.

Akiwa Houston, mdogo wake asimwandikishe yeye wala watoto katika kaya yake ya msaada, hata kama wote wanakula sufuria moja kwa wiki tatu. Mgeni ni mgeni. Mtu anayepokea katika majimbo mawili kwa mwezi mmoja kwa kudanganya makazi yake anaweza kuondolewa kwenye mpango kwa miaka 10, na majimbo sasa hulinganisha orodha zao kwa kompyuta.

Na Mwanza? Hapana, Mama. Kadi haifanyi kazi nje ya nchi iliyoitoa, si kwenye maduka makubwa ya katikati ya jiji, si kwenye mashine ya benki yoyote. Hata huko Marekani upande wa chakula wa kadi hautoi fedha taslimu. Wanaotoa fedha kwa kadi hiyohiyo ni wale waliowekewa msaada mwingine wa fedha juu yake, na habari zao zisikuchanganye. Kwa miezi hiyo miwili chakula kitatoka mfukoni mwake na jikoni mwako. Salio lililobaki halipotei kwa sababu ya miezi miwili, kwani hufutwa baada ya kadi kukaa miezi 9 bila kutumika. Lakini salio ni jambo moja, na haki ya kuendelea kujaziwa ni jambo jingine. Msaada hutolewa kwa mtu anayeishi katika jimbo husika, na kaya nzima ikiondoka kwa muda mrefu, ofisi ina haki ya kuuliza kama bado inaishi hapo. Kwa hiyo aitaarifu ofisi ya Minnesota kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, ataje tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na atunze nakala ya tiketi ya kurudi. Wakimwambia malipo ya kipindi hicho yatasimama, akubali. Kusimama kwa miezi miwili kunarekebishika, lakini kudaiwa arudishe msaada wa miezi miwili kunamfuata mtu kwa miaka.

SWALI: Mjomba wetu yuko Marekani na anapata msaada huo wa chakula. Kila mwisho wa mwaka hutuma pipa la nguo. Mwaka huu amesema atajaza pia mchele, maziwa ya unga na mafuta ya kupikia aliyonunua kwa kadi, kwa kuwa huwa inabaki. Je, kuna ubaya? – Msomaji wa Misungwi

JIBU: Upo. Chakula kinachonunuliwa kwa SNAP ni kwa ajili ya kaya iliyoandikishwa, na kuliwa na kaya hiyo. Mjomba akija mwenyewe na mfuko wa vitafunwa aliokuwa anakula kwenye ndege, hakuna atakayemsumbua, lakini pipa lililojazwa kwa makusudi ya kulisha nyumba nyingine, tena ng'ambo, ni matumizi mabaya ya msaada. Nguo alizonunua kwa mshahara wake zinaendelea kuruhusiwa kama zamani.

Ikiwa kadi yake inabaki na kitu kila mwezi, si dhambi, na anaweza kuacha salio lisogee mwezi unaofuata. Kama ana uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba, kadi hiyo pia hununua mbegu na miche ya vyakula, kwa hiyo mchicha na nyanya anaweza kuotesha mwenyewe. Na niseme jingine ambalo hukuniuliza: kutuma mchele kwa watu wa Misungwi, walio jirani na mashamba ya mpunga, ni sawa na kupeleka sato Ukerewe. Mwombeni mjomba gharama ya usafirishaji wa pipa aitume kwa simu, mnunue mchele sokoni kwenu.

SWALI: Rafiki yangu wa Texas anasafiri kwenda kwao kwa miezi mitatu. Kuna mtu amemwambia amwachie kadi na namba ya siri, awe anaitumia dukani, na kila mwezi atamtumia nusu ya thamani kwa fedha taslimu. Rafiki anataka nusu hiyo iingie kwenye simu yangu hapa Igoma nimtunzie. Nikubali? – Kijana wa Igoma

JIBU: Usikubali, na umwambie leo. Kubadilisha msaada wa chakula kwa fedha ni biashara haramu, na huko wanaifuatilia kuliko makosa mengine yote ya mpango huu. Kosa la kwanza la kukusudia humwondoa mtu kwa miezi 12, la pili kwa miezi 24, la tatu kwa maisha yote, na mahakama ikimtia hatiani kwa biashara ya dola 500 au zaidi, anaondolewa maisha, mbali na kifungo au faini. Mwenye kadi ndiye atakayeanza kuulizwa, kwa kuwa kumbukumbu za mashine zitaonyesha kadi ikinunua Texas huku pasipoti yake ikionyesha yuko kwingine.

Mpango una njia halali ya kumtuma mtu akununulie chakula, anayeandikishwa kama mwakilishi wa kaya, kwa mfano kwa mgonjwa, mzee au mtu asiyeweza kufika dukani, lakini chakula lazima kimfikie mwenye kaya. Rafiki yako atakuwa hayupo; hakuna wa kununuliwa.

SWALI: Mimi ni mlengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, hapa Ukerewe, nina wajukuu watatu. Mjukuu mdogo amepewa rufaa hospitali ya Bugando, na nimeambiwa tutakaa Mwanza huenda mwezi na nusu. Siku ya malipo itanikuta huko. Nikikosa mara moja, nafutwa? Na wale wawili wanaobaki shuleni niwachukue au niwaache? – Bibi wa Nansio

JIBU: Shikamoo Bibi, na pole kwa kuuguza. Nimeiweka barua yako mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonichukua muda mwingi.

Wenzako waliotangulia wameandika kuhusu kadi ya chakula. Ruzuku yako ni ya namna nyingine, kwa sababu Mpango wa Kunusuru Kaya za Walengwa hutoa fedha, na fedha hununua uji wa moto Mwanza sawasawa na Nansio. Kwa hiyo swali lako halihusu mahali pa kuitumia bali jinsi itakavyokufikia. Malipo hutoka kila baada ya miezi miwili, na walengwa wengine hupokea mkononi kwenye eneo la malipo, wengine kwa simu au benki.

Kama unapokea kwa simu, safiri na laini hiyohiyo, iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako na kwa jina lako. Nalisisitiza kwa sababu najua simu za bibi zinavyoishia mifukoni mwa wajukuu. Ikiwa laini imesajiliwa kwa jina la kijana wa jirani aliyekusaidia zamani, rekebisha kabla hujapanda meli, na ufanye hivyo ukiwa pamoja na mtendaji wako ili namba iliyo kwenye orodha iwe ndiyo iliyo mkononi mwako. Wala usimpe mtu namba ya siri kwa ahadi kwamba atakutolea na kukuletea wodini.

Kama unapokea mkononi, usipange kurudi Nansio kwa ajili ya siku moja. Nauli ya kwenda na kurudi itakula sehemu ya kile ulichokifuata, na mtoto atabaki kitandani bila mtu wake. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako, pamoja na mwanakamati wa mpango, uwaulize kama kaya yako ina msaidizi aliyeandikishwa kupokea kwa niaba yako, na kama hana, umwandikishe kabla ya kuondoka. Mjukuu mkubwa hawezi kujitokeza tu siku ya malipo akasema ametumwa na bibi. Beba nakala ya barua ya rufaa na uwaachie nyingine, kwa sababu kutokuwepo kwenye malipo bila maelezo kunaweza kusomeka kwamba kaya imehama.

Kuhusu wajukuu wawili, waache shuleni ukipata mtu mzima wa kulala nao. Sehemu ya ruzuku yako imefungwa kwenye mahudhurio yao, yaani asilimia 80 ya siku za masomo, na mwezi na nusu wa kukaa Mwanza ungewashusha chini ya kiwango hicho, halafu fedha zingekatwa wakati huohuo unapozihitaji kwa nauli na chakula cha hospitalini. Huyo mdogo, kama hajafika miaka mitano, njoo na kadi yake ya kliniki. Siku yake ya kupimwa uzito ikifika, mwombe muuguzi ampime hapohapo na aandike kwenye kadi, ili ukirudi Nansio pasiwe na mstari mtupu ambao kamati itakuuliza.

Usafiri wa meli unaujua kuliko mimi. Ila mzigo wa vyombo vyako, hasa sufuria na kanga za ziada, utafute nafasi yake. Ndugu wengi wa wagonjwa hujipikia, na ruzuku hudumu zaidi kwenye dagaa wa Mwaloni na unga wako mwenyewe kuliko kwenye sahani za mama lishe kwa siku 45. Nakala ya barua ya rufaa itolewe Nansio kabla ya safari.